Reli ya Kumpeleka Nyamusi Kanisani

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Jana mke wangu Nyamusi hakwenda kanisani tena. Tangu avunjike mguu, njia imekuwa ndefu kwake. Zamani aliifuata na wanawake wenzake, wakiongea mpaka mlangoni. Jana alikaa dirishani, akawapungia mkono wakipita. Halafu akasema viazi vimeisha, akaenda jikoni. Viazi vimejaa gunia.

Nimeamua. Nitarudisha reli.

Hiyo njia ilikuwa ya reli kabla haijawa ya matembezi. Kigari kilileta kuni za kiwanda cha chai kutoka msituni, na mshika breki nilikuwa mimi, Nyaberi. Malori yakaja, vyuma vikang'olewa, nyasi zikaota. Siku hizi vijana hukimbia pale asubuhi, na wachumba hutembea Jumapili. Lakini magurudumu ya kigari ninayo, chini ya ghala la mahindi. Nitayapigilia mbao, Nyamusi ataketi juu ya mto laini, nami nitasukuma. Daktari wa Kapkatet alisema atembee kidogo kidogo. Mimi naona hata kidogo ni kingi.

Sijamwambia. Atafurahi tu.

Jumanne, 6 Agosti
Nimemwona Kipsang, mwenyekiti wa njia. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa mkimbiaji, akapanda maua kando ya njia, watu wakamwita mwenyekiti, naye akaitika. Nilimweleza habari ya reli bila kumtaja Nyamusi. Shida za nyumba yangu si za Kipsang. Akasema reli ilikufa, tuiache ipumzike. Tena kijana akijikwaa kwenye chuma, medali imepotea. Nikamwambia nilikuwa nafunga breki pale yeye akichunga ndama. Hatukuagana vizuri. Maua yake, kusema kweli, yanapendeza. Hilo sikumwambia.

Jumatano, 7 Agosti
Kutafuta vyuma. Kumbe kila mtu ana kipande. Kengele ya kanisa ni reli. Hiyo nimeiacha kwa kumwogopa Mungu na mchungaji. Daraja la kijito ni reli. Napita hapo mwenyewe. Kwa jirani yetu Rodah nikaona mbili nzuri juu ya banda la ng'ombe. Rodah akasema nichukue, kazi yake ni kukandamiza mabati tu. Binamu yangu Omariba akaniazima punda, tukaziburuta.

Mvua ya mchana ikaja na upepo wake. Mabati yakaenda kwenye chai. Nimeshinda nikiyafukuza, nikayarudisha, nikayawekea mawe. Ng'ombe alingojea jikoni kwa Rodah. Rodah hakunigombeza. Alinipa mursik, maziwa yake ya mgando, kikombe kizima. Iliniuma kuliko kugombezwa.

Reli ni mbili tu. Lakini kila reli huanza na mbili.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimezilaza kwenye mteremko, watu wakiwa wamejikinga mvua. Mataruma ya kuzilalia ni magogo ya mkaratusi. Upana nilipima kwa kamba ya katani. Kamba ikalowa, ikafupika. Kigari kikakataa kuingia. Nikang'oa, nikapima upya kwa nyayo zangu, ambazo hazifupiki.

Nyamusi aliuliza matope ya masikioni ni ya nini. Nikasema nilikuwa nachimba viazi. Akatazama lile gunia.

Ijumaa, 9 Agosti
Majaribio. Nilipanda mwenyewe, juu ya mto. Kigari kilishuka vizuri sana. Reli ikaisha, kigari hakikujua. Breki ilibaki mkononi mwangu.

Wakimbiaji ndio walionitoa kwenye michai. Mmoja akasema hajaona mzee mwenye mbio namna hiyo. Kipsang akaja. Nikangoja anicheke. Akaokota mto.

"Huu ni wa nani?"

Nikasema ni wa Nyamusi. Nikamweleza yote, hata habari ya dirisha, nikiwa na majani kwenye kola. Akaukung'uta mto, akanipa.

"Mzee, ungeniambia hivyo Jumanne."

Jumamosi, 10 Agosti
Nyamusi amejua. Rodah alimwambia, akidhani anajua. Nilitegemea kelele. Akaniuliza polepole, "Baba Bosibori, wewe uliniuliza?"

Sikuwa nimemwuliza. Akasema anachokosa ni ile njia yenyewe, na maongezi yake. Kwenye kigari angeongea na nani, na mimi nahema nyuma? Taabu ni kwamba mguu ukichoka hakuna pa kukaa, na anaona haya kukaa chini mbele ya watu. Nikashika mkono wake. Nimeahidi kwamba kuanzia leo nitamwuliza kwanza. Kila jambo.

Nikaenda kumweleza Kipsang. Hapo palikuwa pagumu kuliko kwenye michai. Nilimkuta ameshazing'oa reli zangu. Tulipokezana msumeno wa chuma mpaka mikono ikafa ganzi, tukalaza vipande juu ya mawe, na ubao juu yake. Viti, kutoka kwangu mpaka kanisani. Omariba alisaidia, na punda.

Jumapili, 11 Agosti
Nyamusi ametembea. Mwanzoni alishika mkono wangu. Kisha akaja Rodah, nami nikaambiwa nifuate nyuma. Kila kiti alikaa, na wanawake wakakaa naye, na maongezi yakaanza upya. Tulifika watu wakitoka. Mchungaji akatuombea pale pale nje, kwenye nyasi. Nyamusi alikuwa akicheka. Sijaona meno yake hivyo tangu Pasaka.

Kipsang alipita akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba Nyaberi amerudisha reli. Huyu Kipsang si mtu mbaya.

Tukirudi, kwenye kiti cha mwisho, Nyamusi aliegemea bega langu akasinzia. Siafu walinipata mguuni. Sikusogea.

Jumatatu, 12 Agosti
Dada yake Nyamusi, Phelis, anakaa ng'ambo ya bonde, upande wa Mogogosiek. Njia ya huko ni kilima kitupu. Lakini ukisimama nyuma ya choo chetu unaliona paa lake. Bonde lenyewe si pana. Nyuma ya kiwanda kuna waya mnene uliotupwa, na mikaratusi iko huku na kule. Kinachobaki ni kikapu kikubwa cha kuchumia chai, na breki ya kweli safari hii.

Nyamusi ameniuliza natazama nini. Nimesema ndege.

Nitamwuliza, bila shaka. Waya ukishafungwa.