Safari ya Mwisho wa Wiki

Jumatatu, 5 Mei

Nimepewa nafasi moja. Moja tu! Baada ya kubembelezwa tangu Pasaka, Anneth amekubali: Jumamosi hii Haisi ni yangu. Siku nyingine zote inabeba masufuria yake ya kupikia kwenye harusi na misiba, na mimi ndiye dereva wa masufuria. Mimi, Elihuruma mwenye cheti cha utalii, nanuka pilau kuanzia kola mpaka soksi! Masharti ya mke wangu ni mafupi. Nikipeleka wateja mlimani nikawarudisha wameridhika, gari linakuwa la biashara yangu. Nikishindwa, nisimtajie tena neno utalii. Nimemshauri aanze kutafuta gari jingine la masufuria.

Mpango wangu: kuna vijana wanapenda kuendesha pikipiki kwenye matope ya Meru, lakini hawapendi kuzichosha kwenye lami. Basi nitazibeba nyuma ya Haisi mpaka juu. Usiku wanalala humohumo, kitandani, juu ya pikipiki zao. Hakuna mtu Arusha aliyewahi kufikiria jambo hili. Wateja wa kwanza ninao tayari: Jackline na Thomasi, wachumba wa Lemara. Wamelipa kabisa.

Shemeji Oscar, kaka yake Anneth, alipita jioni na Land Cruiser yake yenye hema juu ya paa. Hema hilo analifungua hata akija kunywa chai. Akaizunguka Haisi yangu pole pole, akasema itafaa sana kwa abiria wasiolalamika. Tangu nimwoe dada yake, hajawahi kunisifia!

Jumanne, 6 Mei

Karakana ya Koikai, Kaloleni. Koikai anachomelea mageti, anafunga taa, anaandika mabango, na hajawahi kumwambia mteja hapana. Ndiyo maana nampenda. Tumeng'oa viti vyote vya nyuma. Sakafuni tunaweka trei refu la chuma linaloteleza kwenye reli: unavuta, linatoka nje, unapandisha pikipiki, unasukuma, linaingia.

Urefu wa trei na kitanda ulileta ubishi. Futi ya Koikai imekatika mwanzoni, kwa hiyo haijulikani inaanza na ngapi. Nikalala chali sakafuni, mikono kifuani, akanizungushia chaki. Watu wakasimama kutazama. Mama mmoja wa maparachichi akauliza kama nimetangulia kujipima au kuna mgonjwa nyumbani. Nikamjibu kwamba mambo ya kitaalamu hayaelezeki barabarani.

Jumatano, 7 Mei

Kasoro ndogo. Pikipiki zina usukani. Kitanda tulichokifunga jana hakikulijua hilo.

Tumekiinua. Tukainua tena. Sasa pikipiki zinaingia vizuri kabisa, ila kati ya godoro na paa imebaki shubiri moja na kidogo. Nimeingia kujaribu. Kulala, unalala. Kugeuka, hapana. Ukitaka kugeukia ubavu wa pili inabidi utoke nje, ugeuke, uingie upya. Na kutoka kwenyewe Koikai alinivuta kwa miguu. Tena ni nafasi ya mtu mmoja. Sawa! Mmoja atalala, mwingine atalinda. Porini ulinzi ni lazima.

Mapazia nimepata bure. Anneth ana kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye mapambo yake, chenye marinda na kamba nyeupe. Nimekizungusha madirisha yote. Heshima tupu.

Jumamosi yeye ana kazi ya kupika msiba huko mlimani, atakodi gari la Oscar. Sikuuliza ni wapi. Mimi na masufuria tumeachana.

Alhamisi, 8 Mei

Koikai amefunga nyaya. Ukiwasha taa kubwa, na zile za hazadi zinawaka na kuzima pande zote nne. Ukizima hazadi, taa kubwa nazo zinazimika. Amesema ni usalama mara mbili.

Halafu jina. Sikutaka "wikendi", neno la watoto. Nimechagua Kiswahili kilichonyooka: SAFARI YA MWISHO WA WIKI. Herufi nyeusi, kubwa, juu ya kioo cha mbele. Koikai ana mwandiko mzuri sana, lakini mpana. Alipofika kwenye MWISHO, paa likaisha. Nilitaka kulia. Akanituliza: WA WIKI akaiandika kwenye mlango wa nyuma. Gari likikupita, unamalizia kusoma. Yule mtu ana kichwa!

Ijumaa, 9 Mei

Majaribio mjini. Sijawahi kuheshimiwa hivi maishani mwangu.

Trafiki aliyekuwa amesimamisha magari yote aliniona, akavua kofia, akanipisha. Bodaboda wa Kimandolu, ambao hawampishi mtu yeyote, walisogea pembeni na kunyamaza. Fundi viatu alisimama. Mwanzoni nilidhani nyuma yangu kuna mkubwa wa serikali. Nikageuka. Hakuna mtu!

Niliposimama kununua vocha, bibi mmoja muuza ndizi akanisogelea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini, akauliza tunampeleka nani. Nikamwambia ni wawili. Wawili! Bibi akashika kichwa. Vijana, nikasema, wachumba kabisa. Akauliza wanapelekwa wapi. Mlimani, nikamjibu, na gharama wamelipia wenyewe mapema. Machozi yakamtoka bibi wa watu, akanipa mkungu mzima wa ndizi akisema pole sana baba. Watu wa huku wana moyo wa mapenzi, sikujua.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi. Mvua. Ukungu. Pikipiki mbili zimeingia, nimezifunika kwa kitambaa cheupe cha meza ya Anneth zisichafuke. Jackline hakulala vizuri, amepanda kitandani kwa miguu kwanza, kama unavyosukuma mkate kwenye oveni. Thomasi yuko mbele na mimi. Leo ndiyo leo! Ama utalii, ama masufuria.

Jumapili, 11 Mei

Niko hai. Niandike hilo kwanza.

Kwa sababu ya ukungu niliwasha taa, na hazadi nazo zikawaka, kama ilivyo kawaida yake. Nilikwenda pole pole maana trei lilikuwa linagonga. Kufika Tengeru nikatazama kioo: foleni ya magari nyuma yangu, yote yamewasha hazadi, na hakuna hata moja linalotaka kunipita. Nikamwambia Thomasi kwamba kitu kizuri kinajitangaza chenyewe. Tukaacha lami tukaanza kupanda. Na wao wakaacha lami. Tukaingia kwenye migomba na kahawa, matope mpaka kwenye vikombe vya magurudumu. Nao nyuma yetu.

Kwenye kona moja, watu wengi wamesimama pande zote mbili za njia, kimya. Nikapiga honi kuwasalimu. Wakaangua kilio! Kabla sijazima injini, wanaume wakazunguka nyuma, wakafungua mlango, sita wakashika trei wakavuta. Lazima niseme, liliteleza vizuri sana. Mama mmoja akafunua kitambaa cheupe ili aage. Pikipiki mbili.

 Ndipo mkono ukachomoza juu, kati ya mapazia ya zambarau, na sauti ya Jackline ikauliza kwa usingizi kama tumefika.

Watu walikimbia! Sitamtaja aliyekuwa mbele, ila alivaa joho.

Waliporudi, wengine walikuwa na majembe ya kaburini. Mpwa wa marehemu alikuwa anapiga kelele kwamba nimekuja kuwadhihaki. Nilijificha nyuma ya Thomasi, sioni aibu kusema. Halafu nani akatokea kwenye moshi wa jikoni, mwiko mkononi? Anneth! Msiba wenyewe ndio huo. Sikuyaogopa majembe tena. Akasoma maandishi ya mbele kwa sauti, neno kwa neno: SAFARI YA MWISHO. Akataka kujua nimewafanyia nini wafiwa. Nikamwambia azunguke nyuma amalizie kusoma. Akazunguka. Lakini mlango wa Haisi hufunguka kwenda juu, na WA WIKI ilikuwa inatazama mawingu. Nikaona masufuria yote ya maisha yangu yamepangwa yananisubiri.

Simu ya mpwa ikaita. Gari lililombeba mzee wa watu limekwama bondeni. Oscar alikwenda kulivuta kwa mbwembwe zake, sasa yamekwama mawili. Kaburi liko tayari na mvua inazidi. 

Aliyesema ni mjane, Bibi Kaanaeli, ambaye hakuwa amekimbia, amekaa tu kwenye kiti chake. Alimwita Jackline, akamwuliza kama kitanda kile ni imara. Jackline akamwambia imara kabisa bibi, ila mtu hawezi kugeuka. Bibi akafikiri. Akasema mzee wake hana haja ya kugeuka.

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Halafu bibi mwenyewe akacheka huku analia, na majembe yakashuka chini. Sijui nielezeje nafuu ile. Nikakaa juu ya bampa.

Basi! Pikipiki zikateremshwa. Jackline na Thomasi wakatangulia kutafuta njia, matope mpaka kwenye nyusi, wanapiga kelele za furaha mpaka ikabidi wakumbushwe kuna msiba. Nami nikashuka nyuma yao. Jeneza likapanda kwenye trei likakaa sawasawa, kana kwamba Koikai alimpima mzee na si mimi. Haisi yangu inavuta kwa magurudumu manne, na ilivuta. Gia ya kwanza, pole pole, hazadi zinawaka. Oscar alikuwa amesimama ndani ya matope na viatu vyake vya safari. Nilimwinamishia kichwa, kwa heshima ya msiba tu.

Mzee alizikwa kabla mvua kubwa haijafika. Bibi Kaanaeli akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema mume wake alipanda ile njia kwa miguu miaka yote na hakuna gari lililowahi kumfikisha mlangoni kwake. Nililia. Nililia kweli, mpaka Thomasi akanipa kitambaa.

Jioni Anneth akaniletea sahani ya chakula, nyama ya mfupa juu. Alikuwa amezungumza na wateja wangu. Wamemwambia hawajawahi kupata matope mazuri namna ile, na watakuja tena na wenzao. Akakaa kando yangu kwenye benchi, akasema gari ni langu. Alikuwa anajizuia kucheka, bega lilikuwa linamtikisika. Ila mapazia na maandishi viondoke, niweke vitu ambavyo haviwezi kumchanganya mtu. Nimepumua mpaka mkanda ukalegea. Nimeshinda!

Jumamosi, 17 Mei

Nimemtii mke wangu. Kosa nimeligundua: rangi. Zambarau inahuzunisha. Mapazia sasa ni meupe, ya lesi. Boneti nimeifunga riboni nyekundu mbili na shada la maua ya waridi, lionekane gari la furaha. Maandishi mapya ni mafupi na yameenea yote mbele, maana pikipiki ni mbili: SAFARI YA WAWILI. Mtu hawezi kukosea.

Na watu wamenielewa, hatimaye! Leo tangu asubuhi ni vigelegele. Bodaboda wananipigia honi. Gari la matarumbeta limenitangulia lenyewe tangu mzunguko, bure, nikalifuata kwa sababu muziki ulikuwa mtamu, mpaka limesimama nje ya kanisa moja. Nami nimeegesha hapo. Naandikia kwenye usukani.

Sasa hivi mlango umefunguliwa. Dada wa gauni jeupe refu ameingia akaketi hapa mbele bila hata kuuliza bei, na kijana wa suti amebanana naye na maua mkononi. Wateja wa namna hii ndio niliokuwa nawaota. Nimewauliza pikipiki zao ziko wapi.