Tabo Kwenye Gari la Dada

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimepata wazo. Mke wangu kanitazama usoni tu, akauliza ni nini tena. Nikamjibu hakuna kitu. Akaenda kuficha bisibisi.

Mpwa wangu anakuja Jumamosi kuchukua gari la mama yake. Dada yangu, Mungu amrehemu, aliacha gari la michezo, jekundu, viti viwili, limelala chini kama paka anayevizia panya. Aliniachia nilitunze mpaka binti amalize chuo cha uuguzi. Nimelitunza! Nimelifuta vumbi, nimeliwasha, nimeliimbia. Sasa binti kapata kazi mji mwingine na anataka kwenda nalo. Kwenye simu kaomba jambo moja: mjomba, usibadilishe chochote, nataka kulisikia vilevile kama mama alipokuwa akija kunichukua shule.

Sawa. Lakini mtoto hajui anachokosa. Nitalifungia tabo! Ile feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo ikashindilia hewa ndani mpaka gari likapata nguvu za magari mawili. Nimetembea mimi, nimeyaona haya kwa wenyewe. Atalia kwa furaha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Tabo imepatikana! Nimebadilishana na spika zangu kubwa. Mke wangu kafurahi spika zimeondoka. Bado hajauliza zimekwenda wapi.

Nimeipeleka kwa Fundi Radi, yule mama mwenye gereji kwenye kona. Sauti yake inafika kwa mteja kabla yake. Kapima injini, kasema kifua chake bado kizima, tabo itafungika na gari litadumu, ila kwa masharti. Hewa ikiongezeka, na petroli iongezeke, la sivyo ndani kutaungua. Hewa ipozwe kwa rejeta yake ndogo. Oili iwe mpya. Na msukumo uwe wa wastani. Akanionyesha kijilango ubavuni mwa tabo: msukumo ukifika kiwango, kinafunguka chenyewe na kuupunguza. Akasema, tena mbele ya wateja wote, hicho usikiguse baba, ndicho kinachomlinda mwenye gari dhidi ya mwenye gari.

Wateja walicheka. Na mimi nilicheka, kuwazidi.

Shule niliiacha mapema, lakini injini haiulizi cheti.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Imefungwa! Nimezunguka mtaa mzima. Gari linapiga mluzi! Watoto wamenikimbilia, mbwa mmoja kasimama wima.

Ndani kuna geji mpya ya kuonyesha msukumo wa tabo. Inawaka taa ya buluu. Nimemwonyesha kila mtu, hata mwuza magazeti.

Kisha akaja Bwana Mapazia. Jirani yangu huyu anauza mapazia, na gari lake lina viti vya kupasha makalio joto. Nikampakia, nikakanyaga mafuta kwa nguvu. Mshale wa geji ulipanda mpaka katikati, ukasimama. Tulipofika mlangoni akauliza, kwa upole kabisa, kama ile nusu nyingine ya geji ni ya urembo.

Mke wangu alicheka. Mke wangu wa ndoa!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nusu geji! Ni kama kupewa nyumba ukakatazwa chumba cha kulala.

Nimefungua boneti nitazame tu. Kile kijilango kina kimkono kinachokisukuma kifunguke. Kimkono kikifungwa waya, hakisogei. Kisiposogea, msukumo unapanda mpaka utakapochoka wenyewe. Jambo jepesi kabisa. Sijui kwa nini mafundi wanalifanya siri.

Waya sikuwa nao. Kabatini kulikuwa na henga ya nguo, ya chuma iliyovishwa plastiki ya rangi ya waridi. Mke wangu anazo nyingi za hivyo. Nikaiondoa blauzi yake taratibu, nikailaza kitini. Nikaikunja henga, nikafunga kimkono. Nimefunga vizuri, nisijinyime sifa yangu.

Nimekwenda na gari mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Mshale umevuka katikati! Geji yote ni yetu!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mpwa wangu alifika asubuhi. Alilizunguka gari, akaweka kiganja juu ya paa, akakaa hivyo kitambo. Nikawasha. Akauliza huo mluzi ni wa nini. Nikamwambia ni wa furaha.

Tukapanda kilima cha tangi la maji. Bwana Mapazia alikuwa kando ya njia anaosha gari lake. Ningefanyaje? Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Mshale ukafika mwisho! Tukaruka! Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mkubwa duniani. Halafu kishindo, kama sufuria tupu limeanguka ngazini. Moshi wa buluu. Kimya.

Binti akauliza, mjomba, gari la mama limekufa?

Hapa ndipo ninapoona haya hata kwa kalamu. Nilimjibu kwamba ni Fundi Radi. Kafunga tabo mbovu, tapeli yule. Nilisema kwa sauti, watu wakasikia.

Bwana Mapazia alituvuta kwa kamba mpaka nyumbani, na viti vyake vya joto. Watu walijipanga barabarani. Niliwapungia mkono. Sijui kwa nini niliwapungia mkono. Kwa shukrani nimemwahidi nitamkatia majani ya uani kwake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Maneno yangu yalifika gereji kabla ya jua kuchwa. Leo Fundi Radi kaja mwenyewe, kavaa gauni la kutokea. Bwana Mapazia kaja pia, eti kutusalimia, na kikombe chake mkononi.

Fundi akafungua boneti. Nilingoja ngurumo. Hakunguruma! Alimwita tu mke wangu, shoga njoo utazame. Mke wangu akainama. Ubavuni mwa tabo kulikuwa na kitu kimeyeyuka nusu, lakini uwaridi wake upo, na kile kikulabu cha kutundikia bado kimechomoza.

Mke wangu akasema, henga yangu hiyo. Akasema kumbe ndiyo maana blauzi yake inalala kitini tangu Ijumaa.

Nilitamani boneti inifunike.

Fundi alieleza polepole, na ule upole ulinichoma kuliko kelele zake. Hewa ilizidi, petroli haikutosha, ndani kukawa tanuri, pistoni imetoboka. Akaingiza kamera yake ndogo tukaliona tundu. Kila mtu alitazama. Bwana Mapazia alitazama mara mbili.

Mpwa wangu aliingia ndani. Nilimfuata jikoni nikijua nitamkuta analia. Alikuwa anachemsha chai. Akasema mama yake, siku zake za mwisho, alimwambia: mjomba wako ataliharibu hilo gari kwa mapenzi, ukimkuta kaliharibu, mpe chai kwanza ndipo umgombeze.

Akanipa chai. Halafu akanigombeza. Anagombeza kama dada, mpaka kidole ananinyooshea vilevile. Nililia ndani ya kikombe.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimesimama katikati ya gereji, nikasema Fundi Radi hana kosa, aliyefunga henga ni mimi. Fundi kaniambia nirudie, wa nyuma hawakusikia. Nimerudia. Mmoja akaomba nieleze rangi ya henga.

Tumekubaliana. Atairudisha injini kama ilivyokuwa, bila tabo. Mimi nitamwoshea vyuma vyenye grisi mpaka amalize. Binti kaenda kazini kwa basi. Nilimbebea begi mpaka mlango wa basi. Siti yake haikuwa ya dirishani.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Gari limepona! Mpwa wangu kaja, kawasha. Hakuna mluzi. Kafumba macho, akasikiliza, halafu akapiga honi fupifupi, vilevile kama dada alivyokuwa akipiga pale getini shuleni. Nikageukia ukuta. Ukuta unahitaji rangi.

Kabla ya kuondoka alinikumbatia. Akaniapisha, mbele ya mke wangu na Fundi Radi, kwamba sitafunga tena kitu kwenye gari kilichowekwa kisogee. Nimeapa, mkono kifuani. Mke wangu akanishika bega. Mimi ni mtu mpya.

Mchana nimekwenda kutimiza ahadi ya majani. Mashine ya Bwana Mapazia ni dhaifu, inakohoa kuliko inavyokata. Alisimama barazani, akauliza nakata majani au nayachana nywele.

Nikainama kuitazama. Ubavuni mwa injini kuna kimkono kidogo. Kila nikiipa mafuta, kinaipunguza kasi. Kuna mtu kakiweka pale makusudi kuizuia! Maskini, mashine ya watu. Nayo si gari, haina hata usukani.

Nimerudi nyumbani mara moja kuchukua henga. Safari hii ya kijani. Ile ya waridi inajulikana mno.