Tawi Langu Liwe la Kwanza

Jumatatu, 11 Juni 2007
Bhavin, mwenye kampuni yetu ya intaneti hapa Nakuru, ametangaza kwamba Ijumaa atachagua mkuu wa mafundi. Mafundi tuko wawili tu: mimi na Chemutai. Nakitaka cheo hicho mpaka ugali haushuki.

Jumanne, 12 Juni
Mitambo yetu yote ya minarani huripoti kwa kompyuta ya ofisi. Habari zake zimepangwa kama mti: shina, matawi, vijitawi, kila kimoja na namba yake. Ukitaka habari fulani, unafuata namba kutoka shinani. Kwenye mitambo yetu, tawi la 1 ni joto la mtambo. Wazo la Chemutai. La 2 ni siku ambazo mtambo umefanya kazi bila kuzimika. Wazo langu. La pili! Kwetu mtoto wa pili hurithi viatu vilivyotoboka.

Jumatano, 13 Juni
Chemutai katoka kwenda kula. Nimebadilisha namba kwenye kompyuta ya ofisi: siku 1, joto 2. Mitambo yenyewe sijaigusa. Nani atapanda mpaka mnara wetu wa Molo na baridi hii? Nimejinunulia mandazi matatu.

Alhamisi, 14 Juni
Balaa. Kompyuta imeuliza Molo namba 2 ikidhani inauliza joto. Mtambo, haujui mambo yangu, ukajibu siku: 94. Nyuzi tisini na nne, Molo! Bhavin akabeba mtungi wa kuzimia moto, akaendesha gari mwenyewe. Akamkuta Wachuka, mlinzi wa mnara, kavaa sweta mbili, anaota moto wa jiko la viazi. Mtambo baridi shwari. Chemutai alirudisha namba kwa dakika mbili. Hata hakunitazama. Iliniuma sana.

Ijumaa, 15 Juni
Mkuu ni Chemutai. Bhavin akaniita kando. “Bethwel, hiyo namba ni address tu, si cheo. Inasema kitu kiko wapi, basi.” Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Jumamosi, 16 Juni
Nimefikiria. Kosa langu lilikuwa kuanzia vijitawini. Leo nimeufuata mti hadi karibu na shina. Kumbe mti ni wa dunia nzima, na sote wa intaneti tunaning'inia chini ya namba 6, ya wizara ya ulinzi ya Marekani, iliyoianzisha. Sita! Nimewaandikia barua pepe, kwa heshima zote, wahamie namba 1 watupandishe na sisi. Nimetia sahihi: Bethwel Kemboi, Mkuu wa Mafundi.