Barua Yangu ya Kuacha Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha kazi! Miaka tisa ya ukarani wa masjala, kupokea barua za watu, kuzipiga muhuri na kuzipeleka kwa meneja, imetosha. Barua yangu nimeitumbukiza kwenye sanduku la getini, kama utaratibu unavyotaka. Ningeweza kumpa meneja mkononi, lakini ana macho makali. Sasa mimi na jirani yangu fundi redio, tunayemwita Mkurugenzi, tunafungua biashara ya kuosha mazulia kwa mashine. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye gari na kidomodomo, atanikoma! Limebaki jambo moja tu: kumwambia mke wangu.

Jumanne, 4 Machi

Sijamwambia. Nimetaja mashine tu. Akiba yetu iko benki kwa majina mawili, haitoki bila sahihi mbili. Mpango huo niliutunga mimi mwenyewe, siku za uchumba, nionekane muungwana. Najuta. Mke wangu, fundi cherehani, alinisikiliza huku kabana pini mdomoni. Akasema hatii sahihi mpaka aione mashine ikiosha zulia. Akaongeza kwamba maadamu nina mshahara, hatuna haraka. Nikakohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini raha tupu. Tarishi ananirundikia barua mezani, mimi sizigusi. Mtu anayeondoka afungue barua ili iweje? Salamu naitikia kwa kichwa tu, kibosi. Meneja hajaniita. Nadhani ameumia moyoni, hajui aanzie wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Mkurugenzi kaazima mashine ya majaribio. Mke wangu akataka tuanze na kizulia kikuukuu cha jikoni. Nikasema la, mashine kubwa ipewe zulia kubwa. Nikatoa la sebuleni, zawadi ya mama mkwe. Liliingia la futi tisa, likatoka kama taulo, na rangi yote imehamia kwenye shati la Mkurugenzi. Shemeji akapita. Bila shaka! Akauliza kama tunaosha na magari, ili akalifiche lake. Mke wangu hakugomba. Alikunja fomu ya benki, akairudisha kabatini, akasema afadhali mshahara upo. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikalia. Biashara hakuna, kazi hakuna, na kodi ya nyumba ni wiki ijayo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia kila kitu, kabla ya chai. Alimimina chai, akanisukumia kikombe. Kisha akasema niende nikaombe. Nikikubaliwa nirudi nyumbani, nikikataliwa pia nirudi, kwani cherehani yake haijaacha kazi. Nusura nilie tena.

Nikamwangukia meneja. Nikamwomba anisamehe kwa barua ile, niliiandika kwa hasira. Akauliza barua ipi. Akasema tangu Jumatatu iliyopita hajaona hata bahasha moja kutoka masjala, na alikuwa karibu kuniita anieleze kuna nini. Nilitaka kumkumbatia! Nikatoka mbio hadi mezani kwangu, nikapekua rundo. Ya kumi na saba kutoka juu: mwandiko wangu. Ilikuwa imelala hapo wiki nzima, ikinisubiri mimi niipeleke.

Nimeichana vipande vipande. Pumzi iliyonikwama tangu Jumamosi imeshuka yote kwa mkupuo. Nimepewa karipio la maandishi kwa uzembe, na kwa kuwa karani ni mimi, nimelipiga muhuri mwenyewe. Sijawahi kupokea barua tamu kama ile. Nyumbani mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni, pale lilipokuwa zulia. Akiba ipo. Kazi ipo. Na yeye yupo.

Jumatano, 12 Machi

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa biashara, lilikuwa zulia. Mkurugenzi amepata habari za mashine ya kuosha mapazia, na pazia ni kitu chepesi, haliwezi kuleta matata. Tena nimejifunza: barua muhimu haipitishwi masjala, kule kuna uzembe mtupu. Mpya nimeshaiandika. Kesho asubuhi nampa meneja mkononi.