Sekunde Kumi za Virgil Stubbs

Jumatatu, 6 Oktoba

Goti limevimba kama boga. Juzi timu ya chuo chetu ya futiboli ya Kimarekani imeshinda 63 kwa 10, Arkansas yote hii ya kwetu inashangilia, isipokuwa mimi. Miaka ishirini na mbili nashika fimbo ya mnyororo pembeni mwa uwanja, kupima kama washambuliaji wamesogea yadi kumi. Zamani, kabla ya kila zamu ya kushambulia, vijana walikusanyika kwanza, wakanong'onezana, nasi tukatembea kwa heshima zetu. Kocha mpya, Brandt, hataki vikao. Zamu moja ikiisha, nyingine imeshaanza! Mimi bado nakimbia na fimbo, wao wameshafunga.

Doyle, mkuu wetu wa mnyororo, kaniambia kwa upole kwamba labda wakati umefika nikae jukwaani. Jukwaani! Na nani? Tangu mke wangu Earlene afariki, Jumamosi ndiyo siku pekee watu wananiita kwa jina.

Jumanne, 7 Oktoba

Dawa nimeipata. Waraka kwa kamati ya sheria za mchezo: timu inayoshambulia isubiri sekunde kumi kabla ya kila zamu. Sababu: usalama wa vijana, wanachoka, wanaumia. Goti langu sijalitaja. Kurasa tatu! Nikausoma kwa sauti jikoni. Hakuna aliyepinga.

Jumatano, 8 Oktoba

Kwa kinyozi, kutafuta sahihi za kuunga mkono waraka. Nilibeba pai ya njugu za pekani ya kulainisha watu. Pai imeisha, sahihi hakuna. Coy Ledbetter, anayeshika fimbo ya pili, kauliza kama nataka na mvua nayo inyeshe polepole. "Virgil, ndugu yangu, miaka tisa tumepigwa kama ngoma. Leo tunashinda, wewe unaleta breki?" Kicheko mpaka kinyozi akaweka wembe chini. Coy ana goti jipya la chuma, na mke wa kumkanda.

Mwishowe katia sahihi mtu mmoja, muuza vipuri mpita njia, shabiki wa wapinzani wetu wa Jumamosi. Katia mara mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kambare wa kukaanga, peke yangu, mbele ya televisheni. Nikarudia kutazama mechi iliyopita. Robo ya tatu, walinzi wa wageni wako hoi kwa ile kasi. Ghafla mmoja kaanguka, kashika mguu! Mwamuzi akasimamisha saa, wenzake wote wakavuta pumzi. Baadaye jamaa anatembea kama bwana harusi. Kila mtu anajua ni maigizo, hakuna wa kuthibitisha.

Wazo! Nani atathubutu kumwita mzee wa miaka sitini na saba mwigizaji? Nikafanya mazoezi kwenye zulia. Kuanguka, vizuri sana. Kuinuka, dakika kumi na moja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Robo ya pili nikaanguka. Firimbi! Mechi imesimama dakika nne nzima! Kocha wa wageni kanikonyeza. Daktari wa timu, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, kapiga magoti, kanishika mkono. Kaniuliza jina, nikampa. Kaniuliza ampigie nani simu. Nikamwambia asubiri kidogo, nitakumbuka.

Mkono wake ulikuwa na joto. Nilitamani dakika ziwe nane.

Kisha Doyle akasema sheria ni moja, mchezaji akianguka anatoka, na mimi vilevile. Fimbo kachukua Nadine, mke wa Coy, mwalimu mstaafu wa michezo. Anakimbia yule mama! Hajachelewa hata zamu moja. Tumeshinda 56 kwa 7. Mwisho wa mechi Doyle kaomba kizibao changu cha kazi, huku anaangalia pembeni. Nimekivua mwenyewe. Imeniuma kuliko goti.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani watu kumi na wanne wameniuliza hali. Kumi na wanne! Nimewahesabu. Mchana Coy na Nadine wamekuja na bakuli la kuku. Coy kasema niwe nakula kwao kila Jumapili, goti liwe zima au bovu, kiti kipo. "Acha ukaidi, mzee." Nikajibu nitaangalia, nina shughuli nyingi.

Na ni kweli ninazo. Nimeshanunua tiketi ya jukwaani Jumamosi ijayo, safu ya kwanza, nyuma tu ya pale anaposimama yule daktari. Zulia nimelitandika tena. Goti wameshalizoea, safari hii nitashika kifua. Kifua hakiwezi kupungua dakika nane.