Kuhusu Binti Yangu Aliyeacha Kususa

Kwa Mwalimu Zamira,
Darasa la Kiingereza la Jioni, Margilani.

Mwalimu mheshimiwa,

Nakutakia afya wewe na wote walio chini ya dari yako. Mimi ni Mamasoli, mpika sambusa za tanuri hapa Kokandi, baba yake Sanobar, unayemfundisha pamoja na mumewe Ulmas. Nakuandikia kwa heshima zote, lakini nimefura kwa hasira, sikufichi.

1. Umewapa karatasi ya safu mbili: vitenzi vya moyo vya Waingereza huku, vyetu Wauzbeki huku. Sanobar alinisomea kwenye simu. Eti Mwingereza akiumia husema, "Nimeumia." Papo hapo! Hajanuna, hajabamiza mlango, hajapika pilau bila chumvi. Upande wetu umeandika "kususa na kurudi kwa baba", na upande wao umeacha patupu. Maskini, taifa zima!

2. Kabla ya karatasi hiyo binti yangu alisusa vizuri tu, mara nne kwa mwaka. Ulmas akisema neno la kijinga, yeye anafunga furushi, huyo, kwangu. Wiki nzima ananuna huku anakula sambusa zangu. Siku ya nane mume anakuja na wazee wawili na mikate, anabembeleza, tunapika pilau, kila mtu analia kidogo. Raha ilioje!

3. Sasa je? Mwezi uliopita Ulmas alisahau siku ya kuzaliwa ya mkewe. Nikafurahi mno. Nikatandika godoro, nikachagua tikiti tamu la kumkatia, nikakaa mlangoni. Wapi! Kumbe Sanobar alimwambia mumewe, "Umeniumiza," naye akajibu, "Nisamehe, nakupenda." Chai haijapoa, wamepatana! Mwalimu, huu ni mwezi wa saba sijamwona mwanangu.

4. Mke wangu ananicheka: "Baba Sanobar, si umpigie umwambie umemkumbuka?" Mimi? Na ndevu zote hizi? Katika ukoo wetu baba huuliza kama unga upo, anayeelewa anaelewa.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uwafundishe kununa kwa Kiingereza. Ikishindikana, wagombanishe wewe mwenyewe, kidogo tu, kabla matikiti hayajaisha sokoni.

Wasalimie wanafunzi wote, na wazazi wako, na hata huyo Ulmas, ingawa upole wake umezidi.

Ni mimi, baba mwenye tanuri la moto na nyumba baridi,
Mamasoli

N.B. Nilimpigia Sanobar anipe anwani yako. Akauliza kuna nini. Nikamuuliza kama unga upo. Akasema, "Baba, sema tu." Basi, Mwalimu, nikasema: nimekukumbuka, mwanangu. Aibu tupu! Leo kaja na basi la asubuhi, na hakuna aliyemkosea! Hivi ninavyoandika anacheka na mama yake hadi vikombe vinagongana. Tafadhali usifute hata mstari mmoja wa karatasi yako ile. Ila nitumie karatasi nyingine. Nina kaka huko mji wa Andijani, tumesusiana mwaka wa kumi na moja huu.