Lumpia Zangu na Kura za Marikit

Jumatano, 2 Aprili
Jumapili mtaa wetu wa wahamiaji, huku kwenye baridi, unapiga kura: mtoto gani asome hotuba ya kufungua ukumbi mpya. Wamebaki wawili. Marikit wangu, sauti kama kengele, na Nélio wa Dona Lurdes, anayesoma kama anatafuna karanga. Lakini mimi sibahatishi. Nimekaanga lumpia, zile sambusa zetu za Kifilipino za kuviringisha, mia moja za nguruwe, nyembamba kama vidole, nikavuka barabara kwa Rukhsana. Akacheka. Akasema, "Mama Marikit, miaka sita tunatazamana, leo ndiyo umesahau mimi Mwislamu?" Aibu! Mume wangu Efren amekula arobaini.

Alhamisi, 3 Aprili
Za ng'ombe, kutoka bucha ya Waislamu. Rukhsana kala sita. Kura hiyo! Mbio kwa Mzee Venkataraman. Akaniambia kwa upole kwamba kwao ng'ombe ni mama. Nikamtuliza: huyu hakuwa wa mtaani hapa. Akanipa chai.

Ijumaa, 4 Aprili
Kuku basi. Kuku hana dini! Nikampelekea Dona Lurdes mwenyewe, aumie, huku natafuna mlangoni kwake. Akauliza taratibu, "Shoga, leo si Ijumaa ya Kwaresima, siku ya kuacha nyama?" Na tunasali kanisa moja! Nikameza. Ningetema wapi, kwenye theluji yake?

Jumamosi, 5 Aprili
Viazi vitupu. Nani atakataa kiazi? Bi Hansa. Dini yao ya Kijaini haili kinachong'olewa ardhini. Nikamsihi, hata kimoja kidogo? Akasema, "Dada, udogo si kesi. Kesi ni kung'olewa."

Jumapili, 6 Aprili
Nimekaanga maganda matupu ya unga. Ndani hewa! Wakala wote, hata Dona Lurdes. Kisha, kabla ya kura, Marikit akasimama: "Mama yangu amewakosea siku nne mfululizo," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyemfungia mlango. Hivyo ndivyo nitakavyousifu mtaa huu." Mzee Venkataraman akafuta macho. Kura kumi na nane kwa saba! Nimelia mpaka pua imevimba. Efren anasema maneno ya mtoto ndiyo yaliyoshinda. Maneno gani? Ni mafuta yangu!

Jumatatu, 7 Aprili
Majirani wapya, Makalasinga, wale wa dini ya vilemba. Baba na wana watatu, maskini, ndevu hadi kifuani, nywele hazijakatwa tangu kuzaliwa. Inaonekana walikotoka hakuna kinyozi. Efren ana mkono mzuri wa mkasi, basi nimewapelekea kadi: kunyolewa bure, nyumba nzima. Hawajajibu. Furaha imewazidi.